Je, Mjeledi Ulikuwa Lazima?

Ipo hoja ya zamani ambayo haifi. Husemwa kwamba bila mnyororo wa mtumwa, bunduki ya Mjerumani na kodi ya Mwingereza, Tanganyika isingalipata reli, wala shule, wala pamba, wala almasi. Na madhali taifa la leo linasafiri kwa reli ile na kusoma katika shule zile, halina budi kukiri kwamba maumivu ya mababu yalikuwa bei ya lazima ya maendeleo. Wasemao hivyo si wakoloni peke yao. Mwaka 1853 Karl Marx, ambaye hakuwa rafiki wa mabepari, aliandika katika gazeti moja la New York kwamba utawala wa Waingereza huko Bara Hindi, pamoja na uovu wake wote, ulikuwa chombo cha historia kisichojijua. Na mzee wa kijijini anayewakemea vijana kwa kuwaambia kwamba enzi ya Mjerumani barabara zilikuwa safi, ameigusa hoja hiyo hiyo kwa njia yake.

Hoja ya namna hii yataka kupimwa, haitoshi kutukanwa. Uzito wake wote umebebwa na neno moja, nalo ni lazima. Kusema kwamba jambo fulani lilitangulia jingine ni kitu kimoja. Kusema kwamba lilikuwa sababu yake ni kitu cha pili. Kusema kwamba hili la pili lisingaliweza kutokea kabisa ila kwa njia ya lile la kwanza ni kitu cha tatu, na hicho cha tatu ndicho kinachodaiwa. Wahenga walikwisha kuliona kosa hili waliponena kwamba jogoo liwike lisiwike kutakucha. Anayedai kwamba jogoo ndiye aletaye alfajiri ana wajibu wa kuonyesha kijiji kisicho na jogoo ambako usiku haukwisha.

Kijiji cha kupimia kipo. Maganzo ni mji mdogo wa wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, kando ya barabara iendayo Mwanza, jirani na uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui. Upande wa magharibi na kaskazini-magharibi yake iko nchi ya dhahabu, Kahama na Geita. Njia za misafara zilipita katika nchi hizi, reli imepita, pamba imelimwa, mawe ya thamani yamechimbwa. Kila kitu ambacho mtetezi wa mjeledi hukitaja kimo katika eneo hilo, na kila kimoja kina habari yake.

Lianze jembe. Karne ya 19 ilipokuwa ingali changa, katika nchi ya Wazinza, ambayo sasa iko mkoani Geita, walikuwako mafundi wa chuma walioitwa Warongo. Waliyeyusha mawe kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe. Na majembe hayo yalichukuliwa mbali, Usukumani, Unyamwezini, hata soko la Tabora, yakawa ni kama fedha, kwa maana yalinunua nafaka na mifugo na kulipia mahari. Chumvi ya Uvinza nayo ilisafiri hivyo hivyo. Wanyamwezi walikwisha kufungua njia ya kwenda pwani kwa miguu yao wenyewe kabla wafanyabiashara wa pwani hawajathubutu kuingia bara kwa wingi. Aghalabu vitabu vya shule vimemchora mpagazi wa Kinyamwezi kana kwamba ni mtumwa mwenye pembe mabegani na mnyororo shingoni. Wengi wao walikuwa watu huru waliopatana ujira wa nguo na posho, wakajivunia kazi yao, na walipodhulumiwa walitua mizigo njiani wakagoma. Mtu aliyekataa mzigo mpaka apewe haki yake hakuhitaji kufundishwa kazi kwa kiboko.

Utumwa nao ulikuwapo, na haifai kuufunika kwa aibu wala kuwatupia wageni peke yao. Biashara ya pembe ilipopanda bei, matajiri wa Unyamwezini walinunua watu kutoka nchi za mbali wawalimie mashamba wakati wao wamo safarini. Bunduki ziliingia kwa maelfu. Mirambo, mtu mwenye akili na ushupavu usio na shaka, alijenga dola kubwa katika miaka ya 1870 kwa nguvu za bunduki hizo na rugaruga wake, akaitia hofu Tabora na kutambuliwa hata na balozi wa Uingereza kule Unguja. Alipokufa mwaka 1884 dola yake haikukawia kuvunjika. Ikiwa utumwa na vita ndivyo vizaavyo taifa, hapo palikuwa mahali pake pa kuzaa. Kilichosalia ni vijiji vilivyozungushiwa boma na watu wenye kuogopa kulima mbali na nyumba zao. Tanuri la Mrongo halikukuzwa na biashara ya watumwa hata kidogo. Lilidumu pembeni yake, kisha katika enzi ya ukoloni majembe ya viwanda vya Ulaya yakaja kwa bei rahisi, na moto wake ukazimika.

Mtu atasema: na karafuu ya Unguja na Pemba je? Kweli, mashamba yale yalipandwa kwa jasho la watumwa katika enzi ya Seyyid Said, na utajiri wake ulijenga nyumba nzuri za mawe zinazopendeza macho hadi leo. Lakini soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa yenyewe ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Wenye mashamba walilia kwamba karafuu itakufa. Haikufa. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 visiwa hivyo viliendelea kuilisha dunia sehemu kubwa ya karafuu yake, na wachumaji walikuwa watu waliolipwa. Hapo kijiji kisicho na jogoo kimepatikana, na kumekucha vilevile.

Kuna waliochukua njia nyingine wakasema kwamba walau mabavu ya ukoloni ndiyo yaliyomaliza utumwa, kwa hiyo dawa ilikuwa chungu lakini ilikuwa dawa. Wajerumani waliingia bara kwa kauli hiyo midomoni. Mwezi wa Januari 1893 waliivunja ngome ya mtemi Isike huko Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Baada ya ushindi huo na mwingine mwingi, je, waliufuta utumwa? Hawakuufuta. Walizuia biashara yake, wakatoa vyeti vya ukombozi kwa waliojinunua au kununuliwa, wakatangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru; ama watumwa wenyewe walibaki na mabwana wao chini ya bendera ya Kaisari hadi Kaisari alipoondoka. Sheria ya kuukomesha ilitoka mwaka 1922, katika utawala wa Waingereza. Serikali iliyokuwa na nguvu ya kumchapa mtu viboko hamsa ishirini kwa kuchelewa kazini haikuona nguvu ya kumwambia bwana amwache mtu wake.

Hoja ya pamba ndiyo yenye mafunzo mengi, kwa kuwa nchi moja ililima zao moja kwa njia mbili zilizo mbalimbali. Kusini na mashariki ya Tanganyika, kuanzia mwaka 1902, Gavana von Götzen aliamuru mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe. Watu waliswagwa shambani katika siku ambazo walipaswa kulima mashamba yao ya chakula, na malipo yalikuwa duni mno hata wengine wakakataa kuyapokea. Mwisho wa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waliing'oa mimea ya pamba. Ndivyo vilivyoanza vita vya Maji Maji. Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba Waafrika 75,000 walikufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya habari za wazee baadaye, alifikisha hesabu kati ya 250,000 na 300,000, wengi wakiwa wamekufa kwa njaa baada ya ghala na mashamba kuchomwa. Wazungu waliokufa walikuwa 15. Nchi ile ilisalia na vichaka na wanyama pahali pa vijiji, na pamba yenyewe haikupatikana. Hata kwa hesabu ya mfanya biashara asiye na huruma, hiyo ni hasara.

Yafaa kukumbuka kwamba aliyeiona hasara hiyo mapema alikuwa Gavana mwingine wa Kijerumani. Von Rechenberg, aliyemfuata von Götzen mwaka 1906, hakuwa mpenda uhuru wa Waafrika, ila alijua kuhesabu. Aliona kwamba Mwanza na Bukoba mazao yalikuwa yakiongezeka kwa sababu reli ya Uganda ilikwisha fika ziwani mwaka 1901, na mkulima alipoona njia ya kupeleka mazao yake sokoni alilima bila kuamriwa. Walowezi wakamchukia kwa fikira hizo.

Usukumani pamba haikuwa bila shuruti. Waingereza nao walitunga amri kupitia kwa watemi: lima eka kadha, tengeneza matuta namna hii, ng'oa mabua kabla ya tarehe fulani, punguza ng'ombe. Baada ya vita vikuu vya pili, mwaka 1947, mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma uliziunganisha amri hizo na kuziongeza, na nia ya baadhi ya wataalamu wake ilikuwa njema kabisa, kwani udongo ulikuwa unachoka kweli. Watu walilipa faini kwa maelfu. Wakati huo huo, bila mpango wa mtu wa serikali, jambo jingine lilikuwa likiota. Malalamiko ya mkulima hayakuwa juu ya kazi. Yalikuwa juu ya mizani. Alijua kwamba mnunuzi anamwibia kwenye mizani, na mwanzo wa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuwaweka watu wao wenyewe wasimame pale pamba inapopimwa. Kutokana na neno dogo hilo la kusimamia mizani, vikatoka vyama vya msingi, kisha mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliojulikana kwa herufi zake VFCU, na Paul Bomani akiwa mtendaji wake mkuu. Mwisho wa muongo ule ushirika huo ulikuwa umeshika ununuzi wa pamba ya Kanda ya Ziwa, ukajenga viwanda vyake vya kuchambulia, ukasifiwa kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika vya wakulima katika Afrika nzima. Mavuno yaliongezeka mara kadhaa kati ya mwanzo wa miaka ya 1950 na katikati ya miaka ya 1960.

Na amri zile? Ziliporomoka. Serikali ilikataa kuiandikisha TANU Usukumani tangu 1954 hadi 1958, ikidhani kwamba ukimya ni utulivu. Mwaka 1958 ilipotaka kuwapa watu wa Geita halmashauri ya mchanganyiko wa rangi ambayo hawakuitaka, umati ulikataa, ukafunga safari hadi Mwanza kupeleka malalamiko, ukatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mwaka huo huo shuruti za kilimo zilianza kuachwa, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuzitekeleza. Pamba haikupungua kwa kuachwa kwake. Miaka ambayo mkono wa serikali ulilegea ndiyo miaka ambayo zao lilipanda, na msomaji asiyeridhika na hoja za haki na utu anaweza kuridhika na hiyo peke yake.

Juu ya reli hapana haja ya maneno mengi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia iliyokanyagwa na wapagazi, na tawi lake la kwenda Mwanza kupitia Shinyanga lilikamilika mwaka 1928. Tuta lake liliinuliwa na Wanyamwezi na Wasukuma wengi waliofuata ujira. Kwamba chuma na mitambo vilitoka Ulaya ni kweli, lakini Japani ilifungua reli yake ya kwanza mwaka 1872 kwa wahandisi wa Kiingereza iliowaajiri na kuwalipa, na Uhabeshi ilipata reli ya kutoka Jibuti hadi Addis Ababa mwaka 1917 kwa mkataba uliotolewa na Mfalme Menelik. (Japani baadaye ilikwenda kuwatawala wengine kwa mabavu, hilo ni doa jingine, wala halibadili habari za reli ile.) Maarifa hununuliwa, huazimwa, hujifunzwa. Kuyapata kwa kutawaliwa ni njia mojawapo, na si ya rahisi: baada ya miaka zaidi ya 70 ya utawala wa wageni, chuo kikuu cha kwanza cha nchi kilifunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, na wanafunzi wasiozidi 15.

Imebaki almasi, na hapa mtetezi wa mjeledi ana neno la haki. John Thorburn Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 baada ya miaka ya kutafuta katika taabu na madeni. Hakuteka nyara. Hakumfunga mtu mnyororo. Alijenga mji wenye hospitali, shule na umeme pahali penye mbuga na miiba, na wafanyakazi wa zama zile walimtaja kwa wema zaidi kuliko walivyowataja mabwana wengi. Mwamba wenyewe, wenye eneo la hekta 146 hivi, ni miongoni mwa mikubwa ya aina yake iliyopata kuchimbwa duniani, nao usingalijulikana siku ile bila elimu yake. Hayo yote yakubaliwe.

Baada ya kuyakubali, lakini, swali halijajibiwa. Limehamia tu mahali pengine. Nguvu katika habari ya Mwadui haikuwa katika sururu, ilikuwa katika hati. Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola, na yeye mwenyewe ndiye aliyepewa jukumu la kuthibitisha umiliki. Sheria ya Kiingereza ya 1923 iliifanya ardhi yote, inayokaliwa na isiyokaliwa, kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Kwa hiyo Msukuma aliyechunga ng'ombe juu ya mwamba ule mwaka 1939 alikuwa amekwisha pokonywa mwaka ambao pengine babu yake hajamwona Mzungu. Ilipookotwa Oktoba 1947 almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, Williamson aliweza kumtunukia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya arusi. Ilikatwa ikawa ya karati 23.6, ikawekwa katikati ya ua la pambo la kifuani. Haikuwa wizi. Mtoaji alikuwa na haki kamili kisheria ya kuitoa, na katika hilo hakuna aliyemvunjia mwenziwe sheria. Wenye mbuga hawakuulizwa kwa kuwa kisheria hapakuwa na wa kuulizwa. Je, utaalamu wa Mkanada yule ulihitaji sheria hizo ili uione almasi? Botswana ilikuwa imekwisha kuwa taifa huru almasi ya Orapa ilipogunduliwa mwaka 1967. Elimu ni ile ile na kampuni za kigeni ni zile zile, ila serikali ya wenyeji ilikaa upande wa pili wa meza ya mapatano, na mwaka 1975 ikadai fungu kubwa zaidi na kulipata.

Eric Williams alionyesha mwaka 1944, na Walter Rodney akaendeleza mwaka 1972 alipokuwa akifundisha Dar es Salaam, kwamba mnyororo ulijenga kweli: ulijenga Liverpool na Bristol. Pengine hapo ndipo hoja ya lazima hupata nguvu yake ya uongo. Macho huona kwamba mabavu na maendeleo vilikwenda pamoja duniani, yakasahau kuuliza mabavu yalikuwa ya nani na maendeleo yalikuwa ya nani.

Lau suala hili lingekuwa la jana tu, lingeweza kuachiwa wenye nyaraka. Lakini neno lazima halikuondoka na Gavana. Novemba 1973 iliamriwa kwamba watu wote wa mashambani wawe wamekwisha kuhamia vijijini kufikia mwisho wa 1976, na Shinyanga haikusalimika: familia zilipakiwa katika malori, nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi, na kila aliyeuliza aliambiwa kwamba ni kwa ajili ya maendeleo. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu waliokamatwa kwa tuhuma za mauaji waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu mwanzoni mwa 1977 ingawa hakushika fimbo yeye mwenyewe. Hakusema kwamba ilikuwa lazima.

Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mgodi mkubwa wa dhahabu, na Mwadui penyewe vijana wa vijiji vya jirani, wanaoitwa wabeshi, wameendelea kuingia usiku kutafuta mawe katika mchanga uliokwisha kupita mitamboni. Kampuni ya Petra Diamonds ilinunua hisa kubwa za mgodi mwaka 2009. Katika miaka iliyofuata wakazi walilalamika kwamba watu walipigwa risasi, walipigwa kwa virungu na kufungiwa na walinzi, na mwaka 2021, baada ya madai 71 kufikishwa katika mahakama za Uingereza, kampuni ilikubali mapatano ya pauni milioni 4.3 bila kukiri dhima ya kisheria.

Uingereza ilipoufuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1833 ilitenga pauni milioni 20 za fidia, nazo zikaenda kwa wenye watumwa. Unguja mwaka 1897 fidia ilikwenda kwa mabwana vilevile, na hela ya cheti cha ukombozi katika enzi ya Mjerumani iliishia mfukoni mwa aliyekuwa akimiliki mtu. Katika habari zote zilizotajwa hapa, ile ya Mwadui ya mwaka 2021 ndiyo ambamo fedha, ingawa si nyingi, zililipwa kwa waliopigwa.